Kukinga Chuma na Kutu ya Bahari kwa Zinki ya Kupuliza

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, ndugu zangu mafundi, na nyinyi vijana wa chuo mlioketi nyuma, ahsanteni kwa kuacha kazi zenu mchana huu.

Kutu hapa Malindi haihitaji kutambulishwa. Unachomelea geti, unalipaka rangi ya dukani, kusi ikishapita unakuta rangi imefura kwenye viungo. Wenzetu wa mashamba ya chumvi ya Gongoni wana taabu zaidi, maana pampu na boliti zao zinakaa kwenye maji yenye chumvi kuliko bahari yenyewe. Na kule Ngomeni yako majukwaa ambayo Waitaliano walirushia setilaiti kati ya 1967 na 1988, yamesimama baharini kwa miguu ya chuma. Chuma cha namna hiyo hakiliwi sawasawa. Kinacholiwa mbio ni kile kilicho juu kidogo ya maji kujaa, pale mawimbi yanaporukia, kwa sababu hapo chumvi, maji na hewa vinakutana saa zote.

Dawa ninayowaletea si mpya. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mswisi aitwaye Max Ulrich Schoop alianza kuyeyusha metali na kuipuliza juu ya vitu vingine. Bunduki ya kupulizia tunayotumia leo inasukuma waya mbili za zinki. Ncha zinakaribiana, umeme unaruka kati yake, zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi, na hewa ya kompresa inairusha ikiwa matone madogo mno. Kila tone likifika kwenye chuma linabamizwa, linatandazika na kuganda papo hapo. Halichomelei. Linashika kama udongo wa kukandika unavyoshika kwenye fito: pasipo na fito, udongo wote unaporomoka. Chuma chenyewe hakipati moto wa kukipinda, na hakuna haja ya kukipeleka mjini kuchovywa kwenye birika la zinki iliyoyeyushwa. Bunduki inakifuata kilipo.

Zinki inafanya kazi mbili. Inafunika, halafu inajitoa yenyewe iliwe badala ya chuma. Vipande viwili hivi vinavyopita mikononi mwenu nilivikwaruza kwa msumari mpaka chuma kikaonekana, kisha nikaviacha kwenye maji ya bahari. Kile cha rangi tupu, angalieni kutu ilivyotambaa chini ya rangi kutoka kwenye mkwaruzo. Cha zinki kina unga mweupe tu.

Majaribio marefu yapo. Mwaka 1974 chama cha wachomeleaji cha Marekani kilichapisha matokeo ya miaka 19 ya sahani za chuma zilizopulizwa metali na kuwekwa baharini na kwenye hewa ya pwani na ya viwandani. Alumini ya unene wa milimita 0.08 mpaka 0.15 ilikilinda chuma muda wote huo. Zinki isiyozibwa vitundu, kwa chuma kilichozama baharini, ilihitaji kama milimita 0.3. Kwa hiyo kwa nguzo za gati mimi ningechagua alumini. Kwa mageti, mapaa na matangi, zinki inatosha, na ni rahisi zaidi kuipuliza.

Sasa nije kwenye lile lililonileta. Kazi hii inaharibika kabla bunduki haijawashwa. Msasa wa mkono hautoshi, brashi ya waya ndiyo kabisa, kwa sababu inang'arisha chuma badala ya kukichimba. Chuma lazima kipigwe kwa chembe zenye ncha kali mpaka kiwe cheupe na kikwaruze ukikipitishia kidole. Na ndugu zangu, nawaomba, msitumie mchanga wa ufuoni. Chembe zake zimeviringika. Una chumvi, kwa hiyo unapandikiza kutu pale pale unapotaka kuizuia. Tena vumbi lake la silika linaingia mapafuni na halitoki. Mapafu yanakakamaa, na hakuna dawa ya kuyarudisha. Nunueni ganeti, yaani chembe kali za jiwe gumu, au changarawe ya chuma, hata kama bei inauma. Chuma kilichokwisha kuonja bahari kioshwe kwanza kwa maji yasiyo na chumvi, kikauke, ndipo kipigwe.

Kisha angalieni saa. Alfajiri ukipitisha kiganja juu ya bomba lililolala nje, kinarudi kimelowa. Ukipuliza juu ya unyevu huo, zinki itabanduka kama ganda. Kanuni ni kwamba chuma kiwe na joto la nyuzi 3 au zaidi juu ya kiwango ambacho umande unaanza kushika. Kikishapigwa, wengi husema zinki ipulizwe kabla ya muda wa saa 4 kwisha; kwa hewa yetu hii, mimi saa 2 naziona nyingi.

Ukimaliza, paka rangi ya eposi iliyo nyepesi izame kwenye vitundu, maana mpako huu una vitundu daima. Na vaeni barakoa ya moshi: moshi wa zinki unaleta homa usiku.

Wa pampu mtaniuliza kuhusu shafti. Hapo zinki ni laini mno, italika upesi. Ziko bunduki zinazochoma gesi na oksijeni na kurusha unga mgumu mno uitwao tangsteni kabaidi kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde, mpako ukatoka mgumu usio na vitundu vingi. Lakini mpako huo haujitoi uliwe. Maji yakipata upenyo mmoja, chuma cha chini kinaliwa haraka kuliko kama kingekuwa kitupu. Kabla ya kulipa, dai kuona kipande cha majaribio kimekatwa na kung'arishwa, ukikague kwa lenzi wewe mwenyewe.

Maswali tuyachukulie nje kando ya kompresa. Bomba limeshapigwa ganeti, na muda wake unakwenda.