Kichwa cha treni kilichomeza mvuke wake

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari za huko. Leo nimewaleta Covent Garden, London, kwenye makumbusho ya usafiri, na sitawazungusha kote. Nataka mkione kichwa hiki kimoja tu cha treni ya mvuke, cha rangi ya damu ya mzee, namba 23, kilichoundwa mwaka 1866.

Reli ya Metropolitan, ya kwanza duniani kupitisha abiria chini ya mji, ilifunguliwa tarehe 10 Januari 1863, Paddington hadi Farringdon. Vichwa vya treni vilikuwa vya kampuni nyingine ya reli, Great Western. Mwaka haujaisha wakagombana, Great Western wakaondoka na mali yao. Great Northern, nao wa reli, wakawasitiri Metropolitan kwa muda, na Metropolitan wakaagiza vyao 18 kwa Beyer Peacock, waundaji wa vichwa vya treni wa Manchester. Vikafika 1864, vimepewa majina: Jupiter, Mars, Apollo. Hiki ni ndugu yao.

Sogeeni. Mnaliona bomba hili nene, linatoka kwenye silinda linapanda mpaka kwenye tangi la maji ubavuni? Akili yote iko hapa. Kwa kawaida mvuke uliokwisha kazi hutokea juu, kwenye bomba la moshi. Wakiingia handakini, dereva aliuelekeza kwenye tangi, ukapoa, ukarudi kuwa maji. Ila maji ya tangi nayo yalipata moto, na yakishachemka hayapozi kitu. Ikabidi yamwagwe yatiwe mengine.

Na moshi wa makaa? Huo haumezeki. Ulibaki mle mle chini na abiria. Halafu tazameni nyuma hapa: hakuna kibanda. Dereva na mchochea moto walisimama wazi, kinga yao bati hili la mbele tu, kutwa nzima. Nikisimama hapa navifikiria vifua vyao, naumia kweli.

Umeme ulipoingia mwaka 1905, vingi vikaondolewa. Hiki kikaenda mashambani, kikavuta treni za kijiji cha Brill mpaka njia ile ikafungwa 1935.

Sasa ndugu zangu, Beyer Peacock hao hao ndio waliotuundia Afrika Mashariki vile vichwa vikubwa vya mvuke viitwavyo Garratt, daraja la 59, miaka ya 1955 na 1956. Kimojawapo kiko makumbusho ya reli Nairobi, namba 5930, Mount Shengena, jina la mlima wetu kule Upare. Tani zaidi ya 250! Hiki hapa ni kama 42. Atakayepita Nairobi anipigie picha ya lile bamba la jina, niiweke kwenye video ijayo pamoja na hiki.