Chapati, sarafu na kipeuo cha pili cha k

Asanteni. Mnaoniona na sinia hili msidhani nimekosea ukumbi. Nina sarafu mfukoni na chapati sita za jana, na mhadhara wote wa leo, ambao ni wa algoriti, yaani hatua za kompyuta kutatua swali, uko kati ya vitu hivi viwili.

Nianze na sarafu. Nikizipanga mezani zigusane bila kupandana, kisha kila sarafu nikaifanya nukta na kila mguso nikaufanya mstari, napata grafu ambayo mistari yake haikatani. Mjerumani Paul Koebe alithibitisha mwaka 1936 kwamba kinyume chake pia ni kweli: kila grafu inayochoreka hivyo kwenye karatasi inaweza kupangwa kwa sarafu, mradi ziruhusiwe kuwa za ukubwa tofauti. Grafu hizi ni za kistaarabu. Lipton na Tarjan walionyesha mwaka 1979 kwamba yenye nukta n unaweza kuipasua vipande viwili visivyopishana sana kwa ukubwa, kwa kuondoa nukta kiasi cha kipeuo cha pili cha n tu. Algoriti nyingi za haraka zimesimama hapo: pasua, shughulikia kila kipande peke yake, rudia.

Sasa chapati. Hizi zinapandana. Rundo la sita, kila moja inagusana na zote, na nukta tano tu zilizounganishwa zote kwa zote tayari hazichoreki bila mistari kukatana. Kisu cha Lipton na Tarjan hapa ni butu. Rundo la chapati elfu huwezi kulipasua kwa kuondoa thelathini.

Na mambo mengi ya mjini ni ya chapati. Chukueni ruta za waifai za maduka ya Kariakoo. Tuseme kila moja ina duara lake la mawimbi, yote ya ukubwa mmoja, na zote ziko chaneli ileile. Maduara yakiingiliana, ruta zinagombana. Swali: je, naweza kuzima ruta zisizozidi k ili zilizobaki zisigombane hata mbili? Swali linaonekana la kitoto, lakini ni NP-gumu, yaani hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kulijibu kila mara, hata maduara yakiwa sawa. Clark, Colbourn na Johnson walilimaliza hilo mwaka 1990.

Kuna njia ambayo yeyote hapa angeibuni. Shika mbili zinazogombana. Mojawapo lazima izimwe. Jaribu hii, ikishindikana, jaribu ile. Kila hatua inakula moja katika k, kwa hiyo matawi hayazidi 2 kwa kipeo cha k. Kwa k ya 10 ni matawi 1,024, utamaliza kabla chai haijapoa. Kwa k ya 100 ni namba yenye tarakimu 31, na hapo hata mjukuu wako hatalipata jibu.

Hapa nataka tukae kidogo. Tandika juu ya ramani wavu wa miraba, ulalo wa kila mraba ukiwa sawa na kipenyo cha duara. Ruta mbili zenye vitovu ndani ya mraba mmoja hazina ujanja, lazima zigombane. Chukua mraba wenye ruta 12. Kwa mazoea ungehesabu: kila ruta iwake au izimwe, namna 4,096. Lakini humo hazibaki mbili kamwe. Inabaki moja, au haibaki hata moja. Namna ni 13 tu. Mraba wenye ruta elfu una namna 1,001, basi. Nilipokuwa mwanafunzi msongamano niliuona adui. Kumbe palipojaa ndipo pasipo na mengi ya kuamua.

Mwaka 2018 de Berg, Bodlaender, Kisfaludi-Bak, Marx na van der Zanden walilijengea wazo hili mfumo mzima. Wakati wa kupasua hawahesabu nukta zinazoondolewa, wanahesabu marundo, na kila rundo lina uzito wa logarithimu ya ukubwa wake, yaani kiasi cha kipeo ambacho 2 inahitaji ili kuufikia. Rundo la elfu linakuwa jepesi. Kwa mizani hiyo ramani ya chapati inapasuka kwa uzito wa kipeuo cha pili cha n, kama enzi za sarafu.

Lakini hiyo ni n, idadi ya ruta zote, na mimi naitaka k, idadi ya za kuzima. Tunaazima kwa Nemhauser na Trotter, 1975: ipo njia ya haraka ya kuamua ruta zipi zizimwe na zipi ziachwe, hadi zenye utata zisizidi 2k, zikizidi, jibu ni hapana. Tumeondoa tu, hatukuongeza, kwa hiyo kilichobaki bado ni maduara. Unganisha mawili hayo na kipeo cha ile 2 ya matawi kinashuka kutoka k hadi kiasi cha kipeuo chake cha pili: kutoka 100 hadi 10. Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia, hiyo 10 inazidishwa na namba ya kudumu ambayo si ndogo.

Sasa geuzeni swali. Msihesabu za kuzima, hesabuni za kubaki: je, ruta k zinaweza kuwaka bila ugomvi? Ramani ileile, ugomvi uleule. Lakini Marx alionyesha mwaka 2005 kwamba, tukikubali dhana ambayo wengi wetu tunaikubali, hapa n haitoki kwenye msingi wa kipeo, yaani k inabaki juu ya n. Bora tunachopata ni n kwa kipeo cha kiasi cha kipeuo cha pili cha k. Mimi hili bado linanishangaza kila ninapolifundisha.

Naona mkono kule nyuma. Dada anauliza, na maduka ya ghorofani je? Swali zuri. Maduara yanakuwa mipira, wavu unakuwa wa masanduku, na ile hoja ya rundo haibadiliki. Kinachobadilika ni kisu: kipeo kinakuwa mraba wa kipeuo cha tatu cha k. Kwa k ya 1,000, tambarare inakudai kama 32, ghorofa linakudai 100.