Tiketi ya treni ya euro nne inavyoweza kukupeleka jela Ujerumani

Mambo vipi wadau, shikamooni wakubwa wote mnaoangalia, leo sipiki wala siendi sokoni, leo tunaongea sheria maana inbox yangu imejaa swali moja tu. Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp huko nyumbani eti Ujerumani mtu anafungwa kwa kukosa tiketi ya treni, na mnaniuliza kaka hiyo kweli au chai? Kweli kabisa. Huku unakwenda gerezani kwa nauli, na sisemi Gerezani ile ya Kariakoo kituo cha mwendokasi, nasema jela yenyewe, yenye funguo.

Sasa msinielewe vibaya, haiko hivyo kwamba umekosa tiketi leo kesho umefungwa. Kuna njia ndefu hapo katikati na ndiyo inayowamaliza watu wetu.

Kwanza, hapa Berlin stesheni hazina mageti. Hakuna kugonga kadi, hakuna konda anayekugusa bega, unashuka ngazi unaingia kwenye treni umekaa, hata mbuzi anaweza kupanda. Mgeni akifika akiona hivyo anasema hawa wazungu wazembe kweli. Subiri. Wakaguzi wengine wanavaa kiraia, jaketi la kawaida, begi mgongoni, mmoja anaingia mlango huu mwenzie mlango ule, wanasimama kimya kama abiria tu, mlango ukishafungwa na treni ikianza kuondoka ndio unasikia "Fahrscheine bitte", yaani tiketi tafadhali. Hapo huna pa kukimbilia. Huna tiketi ni euro 60, wanakuandikia karatasi na jina lako na anwani yako, na usianze kuongea vizuri na mkaguzi kama tunavyoongea na trafiki, atakuangalia tu. Kama una tiketi ya mwezi yenye jina lako lakini umeisahau nyumbani, hiyo ni nyingine, unaipeleka ofisini kwao siku chache zinazofuata unalipa kama euro 7 yameisha.

Hiyo 60 sio faini ya serikali, hilo watu wengi hawalijui. Hilo ni deni la kampuni ya usafiri, ni madai. Jinai inakuja pembeni. Kipo kifungu cha 265a cha sheria yao ya adhabu, kiliingizwa mwaka 1935, enzi za Hitler hizo, na mpaka leo kipo, kinasema kusafiri kwa ujanja bila kulipa ni kosa la jinai, faini au jela mpaka mwaka mmoja. Kwa hiyo ukidakwa mara kwa mara kampuni inapeleka malalamiko, faili linaenda kwa mwendesha mashtaka, na kutoka hapo mambo yanaendeshwa kwa barua. Hakuna kuitwa mahakamani, hakuna kusimama mbele ya hakimu ukajieleza kwamba siku ile mshahara ulichelewa. Hakimu anasaini makaratasi, wanakutumia kitu kinaitwa Strafbefehl, na hiyo ndiyo hukumu.

Hebu niwaonyeshe hii bahasha, ngoja niisogeze kwenye kamera. Hii hapa, ya njano. Hapo mbele mnaona pameandikwa tarehe kwa kalamu, ni mtu wa posta kaandika kwa mkono wake siku aliyoileta. Hakukukuta nyumbani? Anaitumbukiza kwenye sanduku lako la barua, anaandika tarehe, anaondoka zake, na kuanzia hapo una wiki mbili za kuweka pingamizi. Uko kazini, uko Hamburg kwenye harusi, Kijerumani chako bado cha kununulia mkate, hiyo ni juu yako, wiki mbili zikipita hukumu imekaa. Yaani bahasha bado imefungwa na wewe tayari umeshahukumiwa.

Halafu kuna hili ambalo mimi binafsi nalipenda, tuseme ukweli. Faini yao wanaipiga kwa siku. Hakimu anasema kosa lako ni siku 30, halafu thamani ya siku moja inatoka kwenye kipato chako, wanachukua kinachoingia mkononi kwa mwezi wanagawanya kwa 30. Unapata 1,500 kwa mwezi, siku yako ni euro 50, faini yako 1,500. Bosi anayepata 9,000 kwa kosa lile lile analipa 9,000. Sasa linganisha na kwetu Tanzania, faini ya barabarani haiangalii kipato, na kabla hawajaipunguzia bodaboda mwaka 2021 ilikuwa elfu 30 kwa kosa, bodaboda elfu 30 na mwenye V8 elfu 30. Mwenye bodaboda hiyo ilikuwa hesabu ya bosi wake ya siku kadhaa imekwenda, mwenye V8 hata dirisha hashushi lote.

Lakini ngoja sasa, maana kwenye karatasi ni haki tupu, huku chini ni mambo mengine. Usipolipa ile faini inageuka kifungo. Zamani siku moja ya faini ilikuwa siku moja ndani, kuanzia tarehe 1 Februari 2024 wakapunguza, siku mbili za faini ni siku moja jela. Na wanaoingia ni nani? Bosi wa 9,000 hawezi kuingia hata siku moja, kwanza ana tiketi. Wanaoingia ni wasio na makazi, walevi, wagonjwa wa akili, watu wenye madeni mpaka hawafungui barua kwa uoga, na wageni kama sisi. Hapa Berlin wanaume wengi wa namna hiyo wanapelekwa gereza la Plötzensee, na serikali inatumia zaidi ya euro 100 kwa siku kumlinda mtu mmoja aliyekwepa nauli ya karibu euro 4. Piga hesabu mwenyewe.

Kuna kijana mmoja wa kwetu, simtaji, alihama chumba kimya kimya bila kubadilisha anwani, akawa anaishi kwa mshikaji. Barua zote zikawa zinaenda kule kwa zamani. Siku moja polisi wanakagua vitambulisho stesheni, wameweka jina lake kwenye mashine, una hati ya kukamatwa, twende. Siku 40 kwa euro 15, yaani 600, au siku 20 ndani. Yeye anadhani wamemfananisha! Tukapitisha mchango kwenye grupu, dada mmoja akaenda kulipa, na jioni hiyo hiyo katoka, maana hela ikiingia tu wanakuachia.

Wenyewe Wajerumani wanabishana sana juu ya hili. Mwandishi wa habari mmoja anaitwa Arne Semsrott alianzisha mfuko mwaka 2021, watu wanachanga wanawatoa waliofungwa kwa nauli, wameshatoa zaidi ya watu 1,000. Köln na Düsseldorf miji yenyewe iliamua kampuni zao zisipeleke tena kesi hizi kwenye jinai, ile 60 unadaiwa kama kawaida. Aliyekuwa waziri wa sheria, Buschmann, alileta rasimu mwaka 2024 kosa liondolewe kwenye jinai, serikali ikavunjika mwezi Novemba, rasimu ikafia hapo.

Na msicheke sana huko, maana kwetu bado mtu anazolewa usiku kwa uzururaji, kosa lake hana kazi ya kueleweka na kasimama mahali. Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu pale pale Arusha ilishatoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume na haki za watu. Pale Arusha, sio Geneva.

Sasa nyie mlioko huku. Faini imekuja hela huna, usikae kimya, andika kwa mwendesha mashtaka uombe kulipa kidogo kidogo, wanakubali sana tu, au omba kufanya kazi za jamii badala ya kulipa. Ukihama badilisha anwani, na jina lako libandike kwenye sanduku la barua. Na anayefikiria uraia ajue kwamba faini zinajumlishwa, mkijumlisha zikavuka siku 90 hapo unaanza kupata shida na ombi lako. Tiketi ya mwezi ya nchi nzima ilianza euro 49 mwaka 2023, sasa imepanda mpaka 63, ndio inauma, lakini kata.

Na wewe uliyenitumia meseji juzi kwamba una bahasha ya njano juu ya friji tangu Jumatatu iliyopita unaogopa kuifungua, nipigie leo, sio wikiendi. Njoo nayo hivyo hivyo ilivyo, tutaisoma wote.