Dalali, cha juu na kiwanja cha ufukweni

SOMOE: Karibuni, tuko Mtwara mjini. Mimi Somoe, na Kaka Issa yupo. Leo tuko na madalali wa viwanja, na yeyote anayewatumia. Kaka Issa, watu wanauliza sheria ya dalali wanaipata wapi.

ISSA: Wasiitafute sehemu moja, dada. Iko kwenye Sheria ya Mikataba, Sheria ya Ardhi Namba 4 na ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za 1999, halafu kodi na leseni. Uwe na TIN, yaani namba ya mlipakodi, na leseni ya biashara. Na tangu amri ya Julai 2025, udalali wa nyumba na ardhi ni kazi ya raia tu.

SOMOE: Mimi naanza na cha juu, ile hela dalali anayoongeza juu ya bei ya mwenye mali, maana ndicho kinachoiharibu kazi hii. Mwenye kiwanja pale Mitengo anataka milioni 12. Dalali anamtajia mnunuzi 15, zile 3 anazifunga mfukoni.

ISSA: Na anaona ni ujanja wa biashara. Kisheria dalali ni wakala. Faida aliyoipata kwa kumficha aliyemtuma, aliyemtuma ana haki ya kuidai. Wakala aliyekosa uaminifu anaweza kupoteza hata ujira wake halali.

SOMOE: Halafu kuna mkataba. Uandikwe bei ipi?

ISSA: Hapo ndipo panapouma. Ukiandika 15, muuzaji ambaye ni mkaazi atatozwa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, na ndani yake kuna milioni 3 ambazo hakuzishika. Hiyo ni laki 3 ya kodi kwa hela ya mtu mwingine. Ukiandika 12, mnunuzi naye siku akiuza, gharama yake inahesabiwa 12 wakati alitoa 15. Kwa vyovyote kuna anayeumia, na dalali hayumo kwenye karatasi.

SOMOE: Kwa hiyo malipo ya udalali yaandikwe mapema: asilimia ngapi, nani analipa, analipwa lini. Karatasi moja yenye sahihi ya aliyekutuma inatosha. Twende vijijini, Msimbati kule na Madimba.

ISSA: Eneo la kijiji si sawa na kiwanja kilichopimwa Shangani, hapa mjini. Mwenye shamba la mikorosho akimuuzia mtu asiye mwanakijiji, lazima halmashauri ya kijiji iridhie. Sisemi mwenyekiti. Nasema halmashauri, imekaa kikao, muhtasari umeandikwa, na mahudhurio yapo.

SOMOE: Maana muhuri wa mwenyekiti ndio watu wanaoukimbilia.

ISSA: Muhuri unaonesha kwamba alishuhudia, basi. Mahakama ya Rufani imeshasema mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili. Mnunuzi amelipa, amepanda, na bado hana kitu. Dalali aombe nakala ya muhtasari kabla hela haijatoka.

SOMOE: Na kama mwenye shamba alishafariki?

ISSA: Kikao cha ukoo kinapendekeza jina. Hata mjomba awe ndiye mkubwa wa ukoo, kukaa kwake kikaoni hakumpi mamlaka ya kuuza. Mahakama ndiyo inayomteua msimamizi wa mirathi. Kwa mahakama ya mwanzo, omba Fomu Namba 4, ile ya uteuzi wake. Hana? Usimpeleke mteja.

SOMOE: Nyumba ya familia nayo ina mume na mke. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Ridhaa hiyo iandikwe na isainiwe. "Mama anajua" si ridhaa.

ISSA: Sasa ufukwe, maana viwanja vya kuangalia bahari ndivyo vinavyotangazwa zaidi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Chukua eneo la mita 40 kwa 80, ule urefu unaanzia ufukweni kwenda bara. Ukitoa 60 unabaki na 20. Mita za mraba 3,200 zimekuwa 800 za kujenga, yaani robo.

SOMOE: Na mnunuzi amelipia zote.

ISSA: Zote! Dalali anayelijua hili asiposema, huo unaweza kuwa udanganyifu. Na Msimbati kuna jambo la pili: iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Nenda kwanza ofisi ya hifadhi uulize eneo hilo linaruhusiwa nini.

SOMOE: Kwa kiwanja chenye hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone jina, rehani, na zuio kama lipo. Angalia kodi ya pango la ardhi imelipwa. Kisha nenda uwandani na mpima, mtafute bikoni, yale mawe ya mipaka, maana namba ya kiwanja kwenye hati inaweza kuwa sahihi na mtu akakuonesha kiwanja cha jirani.

ISSA: Uhamisho wa umiliki unakwenda na fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, uthamini wa mthamini aliyesajiliwa, na ushuru wa stempu wa takriban asilimia 1 kwa mnunuzi. Dalali asijifanye mthamini, na asiandike mkataba kwa malipo. Ya kwanza ni ya wathamini chini ya sheria yao ya 2016, ya pili ni ya mawakili.

SOMOE: Mteja akija na begi la noti?

ISSA: Dalali wa nyumba na ardhi yumo kwenye orodha ya Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji wa Fedha Haramu ya 2006. Mtambue kwa kitambulisho. Ukishuku, toa taarifa Kitengo cha Udhibiti wa Fedha Haramu ndani ya saa 24, wala usimwambie mteja. Na hela ya kiwanja isipite kwenye simu yako. Iende benki kwenye akaunti ya muuzaji.

SOMOE: Basi dalali yeye alipwe lini?

ISSA: Ningependa nusu siku ya kusaini na nusu jina likishabadilika. Akijua hela yake iko mwisho wa safari, ule muhtasari wa kijiji ataufuata mwenyewe.