Mgeni Rasmi Akae Nyuma

Asalaam aleikum, habari za jioni. Basi, nimemaliza kusalimia. Mmeona? Hakuna aliyekufa. (Kicheko.)

Walionisikia tangu tuanze jioni hizi wanajua ninakoelekea, na wengine wameshaanza kuguna. Guneni. Nitalisema mpaka liwaingie waandaaji: usiku wa mazungumzo mafupi hauna mgeni rasmi. Hauna meza kuu yenye kitambaa na maua ya plastiki. Una mtu mwenye jambo, dakika zake sita, na sisi wa kumsikiliza.

Watu wa Tanga wanajua kusema kwa kifupi. Anayetuponza ni yule anayeshika kipaza sauti kabla yao. Anaanza, "Itifaki imezingatiwa." Alhamdulillah, unadhani umepona. Wapi! Anavuta pumzi: "Lakini nitakuwa mwizi wa fadhila nisipomtambua..." Hapo msafara umeng'oa nanga. Mheshimiwa. Mwakilishi wa mheshimiwa. Aliyekuja na mwakilishi wa mheshimiwa. Mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, ambaye ni yeye mwenyewe anayesema. (Kicheko.)

Mwaka juzi nilialikwa kwenye semina moja hapahapa mjini, ya nani sisemi. Ilihusu samaki aitwaye silikanti. Wakamwalika mzee mmoja wa Kigombe, mvuvi, mtu aliyemtoa silikanti majini kwa mikono yake. Kwenye ratiba alipewa dakika ishirini, saa nne asubuhi. Saa nne ikatupita tukiwa kwenye utambulisho. Ikaja risala. Yakaja majibu ya risala. Picha ya pamoja, halafu picha ya pamoja ya waliokosa picha ya pamoja. Kijana mmoja akatuonyesha kwa projekta kwamba wataalamu waliamini samaki huyu ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita, mpaka mwaka 1938 alipovuliwa Afrika Kusini. Sawa, mwanangu, ahsante, hayo nilikuwa nayafundisha darasani kabla hujazaliwa. Inakaribia saa saba, pilau inanukia, ndipo mzee anaitwa: "Baba yetu, kwa kuwa muda si rafiki, tunakuomba dakika mbili tu."

Mzee akasimama. Akawatazama meza kuu, akasema, "Hizo mbili mgawane. Mimi nakwenda kunywa kahawa." Akatoka.

Nikamfuata. Wenzangu kadhaa nao wakanifuata, na pilau yetu tukaiacha. Kwa muuza kahawa pale nje, mzee akatueleza mambo ambayo ukumbi mzima ulikuja kuyasikia na haukuyasikia. Kwamba karibu na ufukwe baruti ilishavunja matumbawe na samaki wamekwisha, ndiyo maana watu wakaanza kushusha wavu wa jarife kwenye kina kirefu wakitafuta papa. Wakitafuta papa, jamani! Likapanda dude. La buluu, lina madoadoa meupe, macho yanawaka ukimulika tochi. Akishakufa anageuka kahawia, ndiyo maana anayemjua kwa makumbusho tu anadhani hiyo ndiyo rangi yake. Mapezi yake yana nyama, yanakwenda kwa zamu, la huku na la kule, kama mtoto anayejifunza kutambaa. Na msimle, akasema, ana mafuta yasiyosagika tumboni, utakesha chooni.

Yote hayo kwa kikombe kimoja, kile kidogo. Hifadhi ya bahari ya silikanti ipo hapa Tanga tangu 2009. Makongamano nimehudhuria, baiolojia nimefundisha mpaka nikastaafu, lakini hiyo habari ya jarife kushushwa chini kwa sababu ya baruti sikuwahi kuisikia kutoka kwa mtu aliyelishusha. Nikaisikia mlangoni, nimesimama, nina njaa.

Najua yupo anayesema moyoni, mwalimu anatuvunjia adabu. Adabu ipi? Barazani kwa wazee wetu, anayefika hutoa salamu moja, wote wakaitikia, akakaa. Ulishaona mtu anamtaja mwenye nyumba, na shemeji wa mwenye nyumba, na aliyeleta mkeka? Hizi mbwembwe za meza kuu hatukuzirithi kwa bibi.

Mwingine anasema dakika sita hazitoshi jambo zito. Haya. Wasanifu majengo wawili, Astrid Klein na Mark Dytham, walianzisha Tokyo mwaka 2003 usiku wanaouita PechaKucha. Picha 20, kila moja sekunde 20, zinabadilika zenyewe upende usipende. Dakika 6 na sekunde 40, shuka. Walibana hivyo kwa kuwa waliwajua wasanifu wenzao: ukimpa kipaza sauti, harudishi. Leo unafanyika katika miji kila pembe ya dunia. Sisi si lazima tuige hadi picha, umeme wetu mnaujua. Na hata bila hao wa Tokyo, washairi wa hapa wanajibizana kwa beti za mishororo minne, mizani 16 kila mshororo, na mtu anatoka hapo amejibiwa hadi ukoo wake...

Hiyo ni kengele ya kwanza? (Sauti ukumbini: "Ya pili!") Ya pili? Haya, haraka. Nilikuwa na matatu mengine. Lugha: anayechanganya Kidigo au Kibondei aachwe achanganye, atakayekwama amuulize jirani yake. Akina mama wa mwani: wapangeni mwanzo. Mnawaweka mwisho, saa nne usiku, halafu mnauliza mbona hawaji, na anayewarudisha nyumbani hamkumtafuta. La tatu ni fedha za viti, muulizeni mhazini, yeye ana majibu, mimi nina maswali tu.

Anayefuata ni fundi wa majahazi. Hana picha hata moja, amekuja na tezo. Fundi, swichi ya kipaza sauti iko huku chini. Na wewe mshereheshaji, unainuka kwenda wapi? Kaa.