Kishona nguo: matumizi yake ya asili na mipaka yake

Wakulima wenzangu, mama zangu na baba zangu, karibuni.

Mche huu nilioushika unajulikana na kila aliyewahi kushika jembe la palizi. Ni kishona nguo, na wengine wanauita kichoma mguu. Jina lake la kitaalamu ni Bidens pilosa. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Hata hivyo, utambueni kwa alama zake, maana kuna magugu mengine yenye maua ya njano. Shina lina pembe nne. Majani yanatoka mawili mawili yakitazamana, na jani la kawaida limegawanyika vipande vitatu hadi vitano, kingo zake kama msumeno. Mbegu ni nyeusi, nyembamba, na kichwani zina vimiba viwili au vitatu vinavyonasa kwenye kanga. Kama hujaona mbegu hizo kwenye mche wenyewe au kwenye miche ya jirani yake, usichume.

Tuanze na jeraha, kwa sababu ndiko unakotumika zaidi. Desturi ni kufikicha majani mabichi na kuyabandika kwenye mkato ili damu ikatike. Majani yana kemikali za kundi la poliasetilini ambazo maabara zimeona zikiua baadhi ya bakteria. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya kukata damu inafanywa na mkono wako: kandamiza dakika kumi mfululizo bila kuchungulia. Anayefunua kila dakika anabandua damu iliyoanza kuganda, kisha analaumu dawa.

Kosa kubwa ni udongo. Vijidudu vya pepopunda vinaishi udongoni, na vikiwa katika hali ya mbegu vinastahimili hata kuchemshwa. Kwa hiyo osha kidonda kwanza kwa maji safi na sabuni, na majani yaoshwe kwa maji yanayotiririka kabla ya kutwangwa. Kidonda kirefu, cha msumari au cha kung'atwa na mbwa kisibandikwe majani hata kidogo. Nenda kituo cha afya ukapate chanjo. Na kitovu cha mtoto mchanga, nawasihi sana, kisiguswe na jani lolote. Kiachwe kisafi na kikavu. Watoto wamekufa kwa pepopunda kwa njia hiyo.

Utomvu wa majani haya usiuache juu ya ngozi ukaingia juani. Poliasetilini zinaamshwa na mwanga na zinaweza kuwasha. Kuutia sikioni, kama wengi wanavyofanya, mimi siungi mkono: sikio linalotoa usaha huenda ngoma yake imetoboka, na majimaji yatapita hadi ndani.

Kwa tumbo la kuhara, wazee huchemsha kiganja kimoja cha majani katika nusu lita ya maji kwa dakika kumi, wakachuja na kunywa. Kwa mtoto, kinachookoa maisha ni maji na chumvi: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi, inamdhuru. Damu ikionekana kwenye choo, mpelekeni kituoni siku hiyo hiyo.

Kama mboga, chuma ncha changa kabla mche haujatoa maua. Zilizokomaa ni chungu na zina nyuzi. Chemsha, mwaga maji ya kwanza, kisha unga kwa karanga. Za kukausha zitandazwe kivulini na kugeuzwa kila siku mpaka jani livunjike likikunjwa. Zikifungwa zingali na unyevu, zitaota ukungu, na hizo ni za kutupa.

Mahali pa kuchuma nalo ni jambo zito. Mmea huu unafyonza kadimiamu, metali yenye sumu, kutoka udongoni na kuilimbikiza majanini, na kuosha hakuiondoi. Achaneni na wa dampo, wa kando ya gereji, wa udongo wa migodi, na wa shamba lililopuliziwa dawa.

Mjamzito asinywe dawa hii; nchini Uganda inatumika kuchochea uchungu wa uzazi. Mwenye kisukari aliye kwenye insulini au vidonge naye azungumze na daktari kwanza, kwa sababu katika majaribio ya panya mmea huu ulishusha sukari, na kushuka kupita kiasi kunaleta jasho, kutetemeka na hata kuzimia.