Usimuulize Kama Angependa: Mhadhara kwa Wanaotaka Kuanzisha Jarida la Muziki

Asanteni, kaeni. Nimeombwa nizungumzie namna ya kumtafiti msomaji kabla ya kuanzisha jarida la muziki. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, maana ndiyo iliyonisomesha.

Miaka mingi iliyopita, mimi na wenzangu wawili tulianzisha jarida la muziki hapa Dar es Salaam. Utafiti tulifanya, msidhani tulikurupuka. Tulichapa madodoso, tukazunguka nayo Kariakoo, Buguruni, Magomeni. Swali la kwanza: "Je, ungependa kusoma jarida la muziki?" Karibu kila mtu akasema ndiyo. Mama mmoja wa Magomeni alitutolea na viti, akatupa chai, akasema, "Wanangu, hilo litakuwa zuri sana." Tukarudi tumejaa furaha. Toleo la nne lilirudi kutoka mitaani karibu lote, kamba hazijafunguliwa.

Yule mama hakutudanganya. Alitukirimu. Mtu akibisha hodi kwako, kachomekea shati, ana kalamu na karatasi, utamwambia hutaki? Unampa jibu alilolifuata, aende zake salama. Madodoso yetu yalipima adabu ya watu wa Magomeni, na kwa adabu walipasi.

Baada ya kufilisika ndipo nikaenda kukaa kwenye kibanda cha magazeti, jambo nililopaswa kuanza nalo. Muuzaji alinigeuzia ndoo nikakalia. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi watu wameshajaa, mikono nyuma, shingo zimepinda, wanasoma vichwa vya habari. Wakifika kwenye "inaendelea ukurasa wa 4", wanasonya, wanaondoka. Wengine walikuwa wameshasomewa magazeti redioni wakiwa bado wanapiga mswaki. Nikamwambia muuzaji, una wateja wengi. Akacheka. "Mzee, hao wasomaji. Mteja yule pale." Kijana wa gereji, ovaroli limelowa oili, kanunua gazeti la michezo. Gazeti hilo likienda gereji mafundi wote watalisoma, na jioni dada wa vitumbua ataliomba afungie.

Kwa hiyo anayelipa ni mmoja, wanaosoma ni kumi, na mwenye tangazo anataka kuwajua wote. Tangu siku ile maswali yangu yakabadilika. Gazeti ulilolisoma mara ya mwisho, ulilipata wapi? Nani alilipa? Sasa hivi liko wapi? Hapo mtu hana la kukukirimu nalo. Anakumbuka tu alichofanya.

Tutoke nje kidogo. Uingereza mwaka 1978, Nick Logan, aliyewahi kuwa mhariri wa NME, jarida la muziki la kila wiki, alianzisha jarida la Smash Hits. Wakati huo majarida ya muziki ya kila wiki yalijaa makala ndefu za uchambuzi. Yeye akachapisha maneno ya nyimbo zinazovuma, na picha za rangi. Watoto walitaka kuimba, basi! Nanyi waulizeni wazazi wenu habari za daftari la nyimbo: unakaa na redio, unaandika ubeti, mstari mmoja unakuponyoka, unasubiri hadi wimbo upigwe tena, pengine siku tatu. Mtu anayeteseka hivyo bila kutumwa na yeyote ameshakujibu maswali yako yote.

Kisha Oktoba 1986 likaja jarida la Q, la Mark Ellen na David Hepworth. Sidi zilikuwa zimeingia Uingereza mwaka 1983, na watu wenye mshahara, waliovuka miaka thelathini, walikuwa wakinunua upya albamu walizokuwa nazo tayari kwenye santuri. Majarida ya kila wiki yaliwaona wamezeeka. Q likawawekea kurasa nyingi za tathmini za albamu ili wajue pesa yao iende wapi, na jalada la kwanza likapambwa na Paul McCartney, mtu wa miaka 44.

Sasa msije mkanakili kila kitu. Waingereza huwapanga wasomaji kwa herufi, A, B, C1 mpaka E, kufuatana na kazi ya mwenye kipato kikubwa nyumbani. Mama ntilie utampa herufi gani? Huenda ana nyumba mbili za kupangisha Mbagala. Mimi namuuliza wiki iliyopita alitoa shilingi ngapi kwa ajili ya muziki: kiingilio, bando, kutuza. Nendeni kwenye taarabu mkamwangalie mwanamke anavyonyanyuka na noti, ameshona sare na wenzake. Huyo analipia muziki kila mara. Sisi tulimwandikia kijana wa kiume anayesoma kwa kuazima. Hata mashabiki wa bendi za dansi za Msondo na Sikinde, ambao hubishana hadi chai ipoe, hatukuwaandikia hata ukurasa.

Na jalada msilibishanie ofisini. Chapeni majalada mawili tofauti stationari, myatundike kibandani katikati ya magazeti mengine, mkae kimya mhesabu mikono.

Ndiyo, binti pale nyuma, uliza.

Anauliza itakuwaje utafiti ukionesha watu hawataki kabisa jarida la karatasi. Swali zuri, na ningependa lingeulizwa mwanzo. NME lenyewe, lililoanza mwaka 1952, liligawiwa bure kuanzia Septemba 2015, na Machi 2018 likaacha kuchapishwa kila wiki. Kwa hiyo usichapishe, mwanangu. Tafuta wanakosikilizia uwafuate huko. Mimi ningelipata jibu hilo mapema, ile pikipiki yangu nisingeiuza kulipa deni la kiwanda cha uchapaji.